MAONI: Gari likitetemeka kasi ikipanda, usisingizie ukubwa wa tairi

Jumamosi moja asubuhi tulikuwa wanne garini, tukielekea Sagana kuchoma nyama kando ya mto. Gari lilikuwa Prado la binamu yangu, ambalo mwezi mmoja kabla ya hapo alikuwa amelivisha matairi ya inchi 33, yale yenye meno makubwa kama ya trekta. Mtaani lilikuwa limepata sura. Watoto walisimama kulitazama, na mlinzi wa geti alikuwa ameanza kumwita binamu "mkubwa".

Thika Road tulipita salama, shukrani kwa msongamano. Tulipoipita Kenol barabara ikafunguka, mshale ukaanza kupanda: 70, 80, 85. Hapo ndipo usukani ulipoanza kutikisika. Kufikia 95, kioo cha ndani kilionyesha ukungu tu badala ya magari yaliyokuwa nyuma yetu, na chupa ya maji iliyokuwa kando ya gia ilikuwa inacheza yenyewe. Nikamuuliza binamu kama kuna shida. Akacheka.

"Zoea, bro. Hizi ni tairi kubwa, si za Vitz."

Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi tangu siku ile, kutoka kwa wenye Hilux, wenye Jimny, hata wenye Forester zilizoinuliwa. Nimeisikia pia kutoka kwa mafundi, jambo linalonikera zaidi. Inasemwa kana kwamba mtetemo ni kodi ambayo mwenye tairi kubwa sharti ailipe. Si kweli. Tairi kubwa la matope litakupigia kelele, litakunywea mafuta na litachosha breki zako mapema. Hayo unayanunua pamoja nalo. Lakini usukani unaotikisika kwenye lami iliyonyooka ni hitilafu, na hitilafu ina chanzo, na chanzo hutafutwa.

Sina ugomvi na fasheni yenyewe. Kijana aliyefanya kazi akanunua gari lake la mtumba kutoka Japani ana haki ya kulipamba apendavyo. Na wapo wenye sababu nzuri. Ukienda Magadi, Chalbi, au ushago ambako mvua ikinyesha barabara inageuka kuwa mto, tairi la kawaida litakulaza njiani. Ugomvi wangu ni kwamba tunamaliza akiba yote kwa tairi na rimu, halafu tunabania mia chache za kufungiwa vizuri.

Tufanye hesabu kidogo, usikimbie. Tairi la inchi 33 lina mzingo wa kama mita 2.6. Gari likienda kilomita 100 kwa saa, tairi hilo linazunguka zaidi ya mara 10 kila sekunde. Sasa chukua rimu ya inchi 17 ambayo upande mmoja ni mzito kuliko mwingine kwa gramu 50 tu, uzito wa yai moja. Kwenye mwendo huo, yai hilo linalivuta gurudumu kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 5, mara juu, mara chini, mara mbele, mara nyuma, zaidi ya mara 10 kwa sekunde. Kwenye kilomita 50 kwa saa nguvu hiyo ni robo tu, kwa sababu kasi ikiongezeka maradufu, nguvu inaongezeka mara nne. Ndiyo maana gari linalotembea kimya pale Ngong Road linageuka kuwa kinu cha posho likifika barabara kuu.

Halafu kuna mdundo. Gurudumu likiwa juu ya springi zake lina mdundo wake wa asili, kama bembea. Ukiisukuma bembea ovyo haiendi mbali; ukiisukuma kila inaporudi kwako, inapaa. Kwa magari mengi mdundo huo uko kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde, yaani palepale tairi kubwa linapofika likienda kwa mwendo wa barabara kuu. Ndiyo sababu wengine watakwambia, "Ikifika 90 inatetemeka, lakini ukipita 110 inatulia," kisha wanaongeza mafuta kana kwamba wamepata dawa. Wameupita mdundo tu. Ile nguvu inayovuta bado ipo, na inazidi kukua.

Kwa hivyo kuzuia mtetemo kunaanza kabla hujalipa hata shilingi. Jiulize gari lako linaishi wapi. Kama maisha yake ni Rongai hadi Westlands, na Naivasha mara moja kwa mwezi, tairi lililoandikwa A/T ubavuni linakutosha kabisa. Lile la M/T, la matope, lina meno makubwa yaliyoachana, na kila jino linaipiga lami peke yake. Lina mpira mwingi, na la kipimo hicho linaweza kukaribia kilo 25 bila rimu. Mpira ukiwa mwingi na mzito hivyo, tofauti ndogo ya uzito au ya umbo inasikika zaidi. Na ujue kwamba baadhi ya wale tunaowaiga, wanaoshindana Rhino Charge tangu ianze 1989, hawayaendeshi magari yao ya mashindano kutoka Nairobi hadi porini. Yanabebwa kwa lori. Sisi ndio tunayapeleka matairi ya aina ile kununua mkate.

Kuna kitu kingine ambacho muuzaji hatakwambia. Ukitoka kwenye 265/65R17, ambayo ni saizi ya kawaida kwa Prado nyingi, ukaingia 285/70R17, kipenyo kinaongezeka kwa kama asilimia 7. Dashibodi ikisema 100, barabara inasema 107. Polisi mwenye kamera yuko upande wa barabara.

Tairi la mitumba nalo usilinunue kwa sababu meno bado ni marefu. Tafuta ubavuni ile tarakimu ya mwisho ya maandishi yanayoanza na DOT. Ukiona 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Liviringishe sakafuni, lipapase kwa kiganja kuzunguka meno yote. Tairi lililokaa miaka likibeba gari lisilotembea linaweza kuwa na ubapa usioisha, na lililolika vilima na mabonde haliwezi kuwa duara tena. Unaweza kulibandika risasi hadi liwe zito kama jiko. Mashine itasema uzito umelingana, na gari litaendelea kuruka, kwa sababu tatizo si uzito, ni umbo.

Lakini kilichonishangaza zaidi nilipoanza kuufuatilia mtetemo wa binamu si tairi. Ni tundu la katikati ya rimu.

Gurudumu linafungwa juu ya habu, na kwenye magari mengi kile kitovu cha habu kinaingia kwenye tundu la rimu barabara, kama kifuniko na chupa yake. Ndicho kinacholiweka gurudumu katikati. Rimu za urembo tunazonunua huwa zimetobolewa tundu pana ili ziingie magari ya kampuni nyingi. Kitovu cha Prado ni milimita 106 na ushee. Weka rimu yenye tundu la 110 na umebaki na nafasi ya karibu milimita 4. Sasa ni nati peke yake zinazotakiwa kulileta gurudumu katikati, na fundi wetu anazipiga kwa bunduki ya upepo, moja baada ya nyingine kwa kuzunguka, gari likiwa tayari limeshushwa.

Gurudumu zima, tairi na rimu, tuseme lina kilo 40. Likikaa pembeni kwa milimita 1 tu, ni sawa na kubandika risasi ya karibu gramu 185 ukingoni mwa rimu. Mayai matatu na zaidi! Na ubaya wake ni kwamba mashine ya kubalansi haioni kitu, kwa sababu kule kwenye mashine gurudumu linashikwa na koni inayoliweka katikati sawasawa. Skrini inasema sifuri. Fundi anakuonyesha ile sifuri kwa fahari, unalipa, unaenda, na gari linatetemeka vilevile. Hapo ndipo kauli ya "zoea" inapozaliwa.

Dawa yake ni pete ya plastiki ngumu au ya alumini inayojaza ile nafasi. Bei yake ni ya chakula cha mchana. Ukikosa pete, mwambie fundi azifunge nati kwa mkono kwanza, gurudumu likiwa bado hewani, akiruka kutoka nati moja hadi ile ya mkabala kama anayechora nyota, kisha amalizie kwa spana ya kupima nguvu. Hakikisha pia nati ni za aina inayolingana na matundu ya rimu hizo, kwa maana nati za rimu ya zamani hazikai vizuri kila mahali. Baada ya kilomita 50 hadi 100, rudi uzikague. Atakayekuona msumbufu, mwache akuone msumbufu.

Kubalansi nako tunafanyiwa nusu. Tairi jembamba la gari dogo linaweza kusamehe, lakini tairi pana lina kosa la aina mbili: linaweza kuruka juu na chini, na linaweza kuyumba kushoto na kulia. Ili kuondoa yote mawili lazima risasi ziwekwe upande wa ndani na wa nje wa rimu, kila upande kwa hesabu yake. Tulipeleka gari la binamu kwenye gereji moja jijini, mahali pasafi, pana viti na kahawa. Fundi akabandika risasi zote upande wa ndani, safu ndefu kama meno ya dhahabu, akasema upande wa nje "utaharibu sura ya rimu". Nilimuuliza ile mashine imesemaje kuhusu upande wa nje. Akasema aliuzima.

Aliuzima! Tumenunua mashine ya kisasa ili tuizime isije ikasema ukweli.

Fundi anayejua kazi, akiona tairi linadai risasi nyingi kupita kiasi, hatazirundika. Atalitoa upepo, alizungushe nusu mzunguko juu ya rimu ili sehemu nzito ya tairi ikutane na sehemu nyepesi ya rimu, kisha apime upya. Matairi mengi mapya huwa na kidoti cha manjano ubavuni kinachoonyesha sehemu nyepesi. Kinawekwa karibu na vali. Ataangalia pia kama tairi limekaa sawa kwenye rimu. Kuna mstari mwembamba ulioviringa karibu na ukingo wa rimu. Umbali wake kutoka ukingoni ukiwa tofauti huku na kule, tairi halijakaa, na kubalansi kabla ya kulirekebisha ni kupoteza muda.

Halafu matope. Hili linawahusu hasa wale wanaoyatumia matairi yao kwa kazi yake. Ukitoka porini Jumapili jioni, upande wa ndani wa rimu umejaa udongo. Wa nje umeoshwa kwa sababu ndio unaopigwa picha. Wa ndani hauonekani. Udongo huo ukikauka ni kama umebandikiwa mayai dazeni nzima. Usiingie barabara kuu nao. Chukua mti, kwangua, au tafuta mahali pa kuoshea gari wakupigie maji kwa nguvu kule nyuma, na uangalie kama mawe hayajang'oa zile risasi za kubandika. Ukiwa hapo, rudisha upepo ulioupunguza kwa ajili ya mchanga. Tairi kubwa lenye upepo mdogo likienda kilomita 100 kwa saa linajikunja na kupata joto hadi linaweza kupasuka, na wakati huo mtetemo utakuwa ndio tatizo lako dogo kabisa.

Kujua mtetemo unatoka wapi si uchawi. Ukiusikia mikononi, kwenye usukani, anzia magurudumu ya mbele. Ukiusikia makalioni, kwenye kiti, nenda nyuma. Ukija tu unapokanyaga breki, kagua diski. Ukija unapokanyaga mafuta na kupungua unapoachilia, na hasa kama gari limeinuliwa springi, mtazame propela na viungo vyake, kwa sababu ulipoinua gari ulibadilisha pembe zake. Njia rahisi kuliko zote ni kuhamisha magurudumu ya mbele nyuma. Mtetemo ukihama nayo, ni gurudumu. Ukibaki palepale, umeachana na tairi na sasa unatafuta bushi, beringi, boljointi au tairodi iliyolegea. Kazi hiyo ya kuhamisha ungeifanya hata hivyo kila baada ya kilomita 8,000 hadi 10,000 ili meno yalike sawa, maana tairi la matope lisilohamishwa hujitengenezea mtetemo wake lenyewe.

Hapo kwa bushi na tairodi ndipo wenye Jimny na Land Cruiser za zamani, zile zenye ekseli nzima mbele, wanapaswa kusoma polepole. Tairi zito linakuza kila ulegevu. Unagonga kishimo kimoja au kiungo cha daraja, na ghafla gurudumu zote mbili za mbele zinaanza kupiga kushoto na kulia kwa nguvu, usukani unakuponyoka, na haliachi hadi upunguze mwendo karibu na kusimama. Ukikutwa na hilo shika usukani imara, achia mafuta, punguza taratibu, usigeuze kwa ghafla. Ukifika gereji, mtu atakuuzia shoku mpya ya usukani. Itatuliza dalili kwa muda, na kile kilicholegea kitaendelea kulegea chini yake. Dai kwanza kila kiungo kikaguliwe mtu mmoja akiwa anazungusha usukani na mwingine akiwa chini anatazama, halafu alaimenti ipimwe, pamoja na ile pembe inayofanya usukani urudi katikati wenyewe, ambayo hupungua gari likiinuliwa.

Najua nitaambiwa haya yote ni ya wenye pesa. Hapana. Tairi nne za matope na rimu zake ndizo za wenye pesa. Pete, spana na mswaki wa kuoshea rimu si kitu. Na mtetemo wenyewe si wa mwenye gari peke yake. Unalegeza nati, unakula beringi, unachosha mikono ya dereva anayetoka Mombasa usiku. Siku gurudumu litakapoamua kwenda kwa njia yake, kutakuwa na bodaboda kwenye bega la barabara ambaye hakuwahi kulipigia gari lako makofi.

Kwa mafundi wetu nina ombi moja tu. Mteja akirudi na gari linalotetemeka baada ya kubalansiwa, msimwambie azoee. Mwambieni hamjapata chanzo. Ni jibu la heshima, na atarudi.

La binamu lilitupeleka mahali patatu. Tulichokipata mwishowe ni tundu pana la rimu kwenye magurudumu yote manne, udongo mkavu kwenye mawili ya nyuma, na boljointi moja ya mbele iliyokuwa imeanza kucheza. Pete nne, maji, boljointi mpya, risasi pande zote mbili. Wiki iliyofuata tulirudi barabara ile ile ya Sagana. Mshale ukafika 95 na chupa ikatulia kando ya gia, maji ndani yake yakitikisika kidogo tu.

Meno ya tairi bado yalikuwa yanavuma kama nyuki, ikabidi tuongeze sauti ya redio. Kelele hizo, nakubali, ni za tairi.